Tairi moja, barabara mbili: Lami ya Masasi na mchanga wa Newala

GARI linaloondoka Chilangala, wilayani Newala, alfajiri kuelekea mjini Masasi hupita juu ya ardhi za namna tatu kabla jua halijawa kali. Huanza kwa kuogelea katika mchanga laini wa Uwanda wa Makonde, likaingia kwenye barabara ya udongo ulioshindiliwa na kumwagiwa changarawe, kisha likateremka ukingo wa uwanda na hatimaye kuikanyaga lami. Hapo dereva aliyekuwa akijikongoja kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa hujikuta akikimbia 80 au 100.

Katika safari yote hiyo, kitu pekee cha gari kinachoigusa ardhi ni matairi manne. Sehemu ya kila tairi inayogusa barabara kwa wakati mmoja, kwa gari dogo, haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Juu ya viganja hivyo vinne ndipo hukaa abiria, magunia ya korosho na, mara nyingine, mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Ndanda.

Pamoja na hayo, tairi ndicho kifaa ambacho wenye magari wengi hukinunua bila kuuliza jingine zaidi ya bei na kipimo cha rimu. Matokeo yake huonekana pindi gari linapokwama mchangani masika na kiangazi, au linapopasua tairi likiwa katika mwendo kasi kwenye lami.

Duniani, swali la tairi lipi linafaa kazi mbili zinazopingana limechunguzwa zaidi na wenye magari ya michezo, ambao hutumia gari lile lile kwenda kazini siku za juma na kushindana uwanjani siku ya mapumziko. Majibu waliyoyapata yanamfaa pia mwenye Noah, Subaru au Land Cruiser wa Newala, kwa kuwa kanuni zinazotawala mpira, joto na upepo ni zile zile.

Barabara zenyewe

Masasi ni njia panda ya barabara za lami za kusini. Lami inatoka huko kwenda Mtwara na Lindi kupitia Ndanda na Mingoyo, nyingine inakwenda Mangaka, Tunduru hadi Songea, na kutoka Mangaka kuna njia ya Mtambaswala inayofika Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma, lililofunguliwa mwaka 2010 kuunganisha Tanzania na Msumbiji.

Uwanda wa Makonde ni habari tofauti. Ni ardhi iliyoinuka, yenye mchanga unaonyonya maji upesi kiasi kwamba upatikanaji wa maji umekuwa shida ya miaka mingi kwa wakazi wake. Mjini Newala, katika eneo maarufu la Shimo la Mungu, mtu husimama ukingoni na kulitazama bonde la Ruvuma likiwa mbali chini yake. Ukingo huo ndio unaozifanya barabara za kupanda na kushuka uwanda ziwe na miteremko na kona zinazohitaji breki za kuaminika.

Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210. Kilomita 50 za mwanzo, kutoka Mtwara hadi Mnivata, zilitangulia kuwekwa lami, na kilomita 160 zilizobaki zikaingizwa katika mradi unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hata hivyo, lami ya barabara kuu haifiki kila kijiji. Anayeishi pembezoni mwa barabara hiyo ataendelea kuwa na gari moja na barabara mbili.

Kwa nini hakuna tairi la kila kazi

Tairi lina mambo matatu yanayoamua tabia yake, nayo ni mchanganyiko wa mpira, mchoro wa uso na kimo cha ubavu. Kila moja kati ya hayo, likiongezwa kwa faida ya upande mmoja, huleta hasara upande mwingine.

La kwanza ni mpira. Mpira laini hunata barabarani, ukampa dereva breki fupi na uhakika katika kona, lakini huisha upesi. Mpira mgumu hudumu, ila hunata kidogo, hasa barabara inapolowa. Matairi ya mashindano hutengenezwa kwa mpira unaofanya kazi vizuri ukiwa umepata joto kali, takribani nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi. Likiwa baridi, tairi hilo huteleza kuliko hata tairi la kawaida. Ndiyo maana tairi lililotengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano pekee ni la hatari likipelekwa mitaani.

La pili ni mchoro wa uso. Juu ya lami kavu, uso usio na mifereji ndio unaonata zaidi, kwa kuwa mpira mwingi zaidi unagusa barabara. Mvua ikinyesha, tairi hilo hilo hugeuka kuwa mtumbwi: maji hukosa pa kupitia, hulinyanyua tairi na gari huelea. Mifereji ipo kwa ajili ya kuyapa maji njia. Kwenye tope na changarawe yanahitajika meno makubwa yenye nafasi baina yake, yanayochimba na kujisafisha. Lakini meno hayo yakifika kwenye lami hutikisika, hupiga kelele, hula mafuta na kurefusha breki.

La tatu ni ubavu. Ubavu mfupi hulifanya gari kuitikia usukani mara moja, kwa sababu hakuna sehemu kubwa ya mpira ya kupinda. Ubavu mrefu hupinda, hufyonza mashimo na kuilinda rimu.

Hesabu ndogo hulionyesha jambo hili vizuri. Tairi la 195/65 R15, ambalo hutumika katika Noah na magari mengi madogo ya Toyota, lina ubavu wa milimita 127. Tairi la 205/55 R16 lina ubavu wa milimita 113, na la 225/45 R17 lina milimita 101. Yote matatu yana kimo kinachokaribiana mno, takribani milimita 632 hadi 635 kutoka chini hadi juu. Kwa maana hiyo, mwenye gari anayebadili rimu za inchi 15 na kuweka za inchi 17 ili gari lipendeze, halipati gari lililoinuka zaidi. Anachokipata ni mpira uliopungua kwa zaidi ya sentimita mbili na nusu baina ya rimu yake na jiwe la barabarani.

Funzo la Safari Rally

Mahali ambapo mambo haya yamejaribiwa kwa ukali zaidi katika Afrika Mashariki ni mashindano ya Safari Rally. Yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tanzania nayo ina historia yake humo: Bert Shankland, dereva aliyeishi nchini, alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiendesha Peugeot 404.

Kwa miaka mingi mashindano hayo yalifanyika katika barabara zilizo wazi kwa watu wote, zenye vumbi, mawe, tope na mito iliyofurika. Mshindi mara nyingi hakuwa yule mwenye gari lenye kasi kuliko yote, bali yule ambaye gari lake lilifika. Yalitoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakarejea mwaka 2021 yakiwa na makao yake Naivasha, nchini Kenya.

Gari la rally ni mfano kamili wa gari la kazi mbili. Baina ya hatua moja ya mashindano na nyingine, dereva hulazimika kupita katika barabara za kawaida, akitii alama na sheria kama dereva mwingine yeyote. Kisha huingia katika njia ya vumbi na kukimbia kwa nguvu zote, kwa matairi yale yale.

Timu hizo hazidanganyiki kwamba lipo tairi moja linalofaa popote. Kwa mashindano ya lami, magari ya daraja la juu hutumia rimu za inchi 18 zenye matairi mapana na ubavu mfupi. Kwa mashindano ya vumbi na changarawe, gari hilo hilo hufungwa rimu ndogo za inchi 15 zenye matairi membamba zaidi, ubavu mrefu na meno yaliyo wazi. Tairi jembamba hukata vumbi la juu na kuifikia ardhi ngumu iliyo chini, wakati ubavu mrefu hustahimili mawe.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba watu wenye fedha nyingi na mafundi hodari, wanapokwenda kwenye vumbi, huchagua rimu ndogo na mpira mwingi. Kijana wa Newala au Tandahimba anayefunga rimu kubwa na matairi yenye ubavu mwembamba katika Subaru yake ili ifanane na gari la mashindano, kwa kweli anaiga gari la mashindano ya lami na kulipeleka kwenye mchanga.

Kusoma maandishi ya ubavuni

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na tangu hapo soko la Tanzania limetegemea matairi yanayoagizwa kutoka nje. Majina ni mengi na muuzaji hawezi kuyajua yote. Kinachobaki kuwa shahidi wa kuaminika ni maandishi yaliyochorwa ubavuni mwa tairi lenyewe.

Tuseme limeandikwa 195/65 R15 91S. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo. Herufi R ina maana kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radial, unaotumika katika karibu magari yote madogo ya leo. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Namba 91 ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, ingawa kwa barabara za kusini ndiyo yenye uzito mkubwa. Ni alama ya mzigo, na 91 humaanisha kilo 615 kwa tairi moja, yaani kilo 2,460 kwa matairi manne.

Hebu tuchukue Noah yenye uzito wa takribani kilo 1,500 ikiwa tupu. Ikipakia watu wanane wenye wastani wa kilo 65, inafikia kilo 2,020 na bado ipo salama. Ikipakia watu 12 na magunia manne ya kilo 80 kila moja, inafikia kilo 2,600. Matairi yamekwisha kuvuka kikomo chake kabla gari halijaondoka stendi, na kwa kuwa mzigo mwingi hukaa nyuma, matairi ya nyuma ndiyo yanayoumia zaidi.

Kwa magari ya biashara kama Hiace, yapo matairi yenye herufi C baada ya namba ya rimu, kwa mfano 195 R15C 106/104. Alama 106 ni kilo 950 kwa tairi linapofungwa moja moja, na 104 ni kilo 900 linapofungwa pacha. Kulitoa tairi la namna hiyo na kuweka la gari dogo kwa sababu rimu inalingana ni kuondoa zaidi ya theluthi moja ya uwezo wa kubeba bila mtu yeyote kuona kwa macho.

Herufi ya mwisho ni kikomo cha kasi. S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210 na V ni 240. Hakuna barabara ya Tanzania inayoruhusu kasi hizo. Katika maeneo ya makazi kikomo ni kilomita 50, na mabasi na malori hayaruhusiwi kuzidi 80. Hata hivyo, tairi lililopimwa kwa kasi kubwa huhimili joto vizuri zaidi, na hilo ni faida.

Katika matairi mengi huwapo pia neno TREADWEAR likifuatiwa na namba. Hicho ni kipimo cha Marekani cha kulinganisha jinsi mpira unavyoisha, 100 ikiwa ndiyo msingi. Matairi ya mitaani ya kawaida huwa na 400 na zaidi. Wenye magari ya michezo wanaotaka tairi la kwenda uwanjani na kurudi nyumbani hupendelea lenye 200 hivi, wakijua wazi kwamba watalibadili mapema. Kwa anayeishi mahali ambapo seti ya matairi hununuliwa kwa fedha za msimu mzima wa korosho, biashara hiyo haina faida.

Umri, adui asiyeonekana

Karibu na herufi DOT kuna kiduara kirefu chenye tarakimu nne. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Likiandikwa 3522, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2022. Likiwa na tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halipaswi kuwapo barabarani.

Mpira huzeeka hata kama gari limeegeshwa. Jua na hewa huukausha, nao hupoteza unyumbufu na kushikana kwake na nyuzi za ndani. Watengenezaji wakubwa hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishatimiza miaka mitano, na liondolewe likifika miaka kumi hata kama meno yake bado ni marefu.

Ulimwengu ulikumbushwa jambo hilo Novemba 2013, pale mwigizaji wa filamu Paul Walker alipofariki dunia katika ajali ya gari la michezo la Porsche Carrera GT huko California, Marekani. Uchunguzi wa polisi ulioelezwa mwaka uliofuata ulibaini kwamba gari lilikuwa katika mwendo wa kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa, mahali panaporuhusu kilomita 72 hivi, na kwamba matairi yake yalikuwa na umri wa miaka tisa. Gari lilikuwa la thamani kubwa mno na halikuwa limetembea sana, lakini mpira ulikwisha kuzeeka.

Somo hilo linamhusu moja kwa moja mnunuzi wa matairi ya mitumba. Tairi la mtumba lenye meno mazuri na bei ndogo mara nyingi limeletwa kwa sababu umri wake umepita katika nchi lilikotoka. Anayelipa bila kuisoma DOT ananunua miaka ambayo mwingine ameshaitumia.

Aidha, ipo tabia ya kuchonga upya mifereji ya tairi lililokwisha kuwa kipara. Kisu kinachochonga hakiongezi mpira, hupunguza ule uliobaki juu ya nyuzi. Katika kila tairi kuna vinundu vidogo ndani ya mifereji vinavyoonyesha kimo cha milimita 1.6. Uso ukishalingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha.

Theluji ya Japani katika joto la Masasi

Magari mengi yanayotumika nchini hununuliwa yakiwa yametumika Japani, na baadhi hufika na matairi ya majira ya baridi. Hutambulika kwa neno STUDLESS au picha ya mlima wenye kipande cha theluji ndani yake, na uso wake huwa na mikato mingi myembamba kama iliyofanywa kwa wembe.

Mpira wake ni laini kupindukia ili usigande katika baridi kali. Kwenye lami yenye joto la kusini mwa Tanzania, mpira huo huisha upesi na gari huyumba likiingia kona kwa kasi. Madereva wengi huudhani ulaini huo kuwa ubora, kwa kuwa gari hupita juu ya makorongo kwa upole. Anayeagiza gari hana budi kuliangalia jambo hili kabla ya safari ya kwanza ndefu.

Upepo: dawa na sumu

Ikiwa kuna jambo moja linaloweza kulifanya tairi moja lifae barabara mbili, basi ni upepo. Kiasi sahihi huandikwa katika kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, mara nyingi baina ya paundi 30 na 36 kwa kila inchi ya mraba kwa magari madogo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi, wala si kiasi cha kujaza.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi. Tairi lililojazwa paundi 32 asubuhi kwa nyuzi 25 linaweza kusoma paundi tano zaidi likipata joto la nyuzi 60 barabarani. Dereva anayepima mchana baada ya safari na kutoa upepo ili irudi 32, jioni atakuwa na tairi lililopungukiwa.

Mchangani hali hubadilika. Tairi lililopunguzwa upepo hutanuka kwa urefu, likatandaza uzito wa gari katika eneo kubwa zaidi, na badala ya kuchimba likaelea juu ya mchanga. Kwa gari la juu lenye ubavu mrefu, kushuka hadi paundi 20 hivi huweza kulitoa mahali ambapo watu kumi wameshindwa kulisukuma. Mwendo usizidi kilomita 30 au 40 kwa saa, na kona zikatwe taratibu ili tairi lisichomoke kwenye rimu. Tairi lenye ubavu mfupi halina nafasi ya kupunguzwa kiasi hicho; rimu itagonga ardhi.

Hatari inakuja pale gari linapoteremka uwanda na kuikuta lami. Tairi lenye upepo mdogo hupinda katika kila mzunguko, na kupinda huko huzaa joto. Katika kilomita 90 kwa saa, tairi la kipimo cha Noah huzunguka zaidi ya mara 700 kwa dakika. Joto hujikusanya ndani, mpira huachana na nyuzi, na mlipuko unaofuata humkuta dereva akiwa katikati ya mwendo.

Marekani ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Agosti 2000, kampuni ya Firestone iliyaita matairi takribani milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa katika magari ya Ford Explorer, baada ya nyuso zake kubanduka zikiwa katika mwendo. Watu zaidi ya 200 walikufa. Miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa katika uchunguzi yalikuwa joto, kasi, mzigo na kiwango kidogo cha upepo. Mwaka huo huo Marekani ilitunga sheria iliyofungua njia ya magari mapya kuwekewa kifaa cha kumwonya dereva upepo unapopungua.

Upepo mdogo huongeza pia hatari ya kuelea juu ya maji. Kwa kanuni iliyotokana na utafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, katika miaka ya 1960, tairi lenye paundi 32 linaweza kuanza kuelea katika kilomita 94 kwa saa maji yanapokuwa mengi kuliko mifereji inavyoweza kuyaondoa. Likiwa na paundi 20, huanza katika kilomita 74.

Kwa hiyo, anayepunguza upepo ili avuke mchanga wa Newala lazima awe na namna ya kuurudisha kabla ya lami. Pampu ndogo inayotumia umeme wa betri ya gari, pamoja na kipimo cha upepo, ni vifaa vya lazima kama spea tairi na jeki. Asiye navyo ni heri akazane na koleo na mbao.

Lipi linunuliwe

Uamuzi mzuri huanza na swali moja la ukweli: gari hutembea wapi zaidi, na wapi litakapotokea kosa litagharimu uhai?

Kwa gari dogo linalokaa Masasi mjini na kupanda Newala mara moja moja, tairi la kawaida la barabara lenye mifereji mirefu na ubavu wa asilimia 60 au 65 linatosha. Penye mchanga, dereva atapunguza mwendo badala ya kubadili matairi. Rimu za asili zilizokuja na gari ndizo bora.

Kwa gari la juu linalolala vijijini na kushuka lami kila wiki, yanafaa matairi yenye alama A/T, yaliyobuniwa kwa lami na vumbi kwa pamoja. Meno yake si makubwa sana, na ubavu wake mara nyingi ni mgumu zaidi dhidi ya visiki na mawe. Yana kelele kidogo na breki zake kwenye lami iliyolowa ni ndefu kuliko za tairi la H/T, ambalo ni la barabara kuu. Dereva anapaswa kuujua upungufu huo na kuacha nafasi kubwa zaidi mbele yake.

Matairi ya M/T, yenye meno makubwa ya tope, yanapendeza machoni lakini yanafaa gari linaloishi porini. Mchangani meno yake huchimba na kuliza gari chini, na kwenye lami huisha upesi.

Kwa Subaru na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu yote manne wakati wote, matairi yote yawe ya aina moja na yaliyoisha kwa kiasi kinachokaribiana. Subaru hutaka tofauti ya mzingo baina ya tairi na tairi isizidi robo inchi. Kuweka tairi moja jipya na matatu yaliyoisha huilazimisha gia ya katikati kufanya kazi bila kupumzika, na matengenezo yake ni ghali kuliko matairi.

Asiyeweza kununua manne kwa pamoja, anunue mawili na kuyafunga nyuma. Wengi huyaweka mbele kwa kudhani kwamba ndiko kwenye usukani. Tairi la mbele likiteleza, gari huelekea mbele na dereva huweza kupunguza mwendo na kulirejesha. La nyuma likiteleza, gari hugeuka mkia mbele, na madereva wachache huweza kulirudisha, hasa katika mteremko wa kona unaotoka uwandani.

Hakuna tairi linaloishinda fizikia. Gari lililo katika kilomita 80 kwa saa juu ya lami kavu lenye matairi mazuri huhitaji takribani mita 32 kusimama baada ya breki kukanyagwa. Kwenye changarawe umbali huo hufikia takribani mita 50, na kwa kilomita 100 hukaribia 80. Mtoto anayevuka barabara akitoka shule hapimi tofauti hiyo, na dereva ndiye anayepaswa kuipima.

Fedha za korosho huanza kufika mikononi mwa wakulima na wenye magari katika miezi ya mwisho wa mwaka, minada inapoendelea, na mvua za uwanda huanza katika kipindi hicho hicho. Ndio wakati ambao matairi mapya yanahitajika kuliko wakati mwingine wowote. Mwenye gari atakayeinama dakika tano dukani kusoma mzigo, umri na aina ya tairi kabla ya kulipa, atakuwa amefanya kwa ajili ya abiria wake zaidi ya ambavyo rimu za kung'aa zingeweza kufanya.